Kaburi la Wajina Wako Lisipaliliwe

Mkadini, huku pwani ya kusini
Jumanne, mwezi wa kumi

Mume wangu Baba Dafrosa,

Salamu zangu zikukute umeshakula, maana nakujua, ukiwa na njaa husikii la mtu. Vaa miwani, kaa kibarazani, uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujamwita Bosko. Ninakuandikia wewe, simwandikii mdogo wako. Yeye atasomewa baadaye, ukipenda.

U mzima? Goti linasemaje? Ulikwenda hospitali Ifakara kama tulivyokubaliana, au bado unalikanda kwa maji ya chumvi na kumwambia kila mtu kwamba limepona? Na mbegu umeshachagua? Usichukue ile ya gunia la mlangoni, ile panya wameichezea. Chukua ya juu ya dari. Na kuku wangu yule mweusi asichinjwe kwa ajili ya mgeni yeyote, hata akija paroko mwenyewe.

Mimi ni mzima kabisa. Chumvi ya huku imenikausha midomo na nimekuwa mweusi kuliko nilivyoondoka, lakini mwili upo. Nakula samaki ambao hata majina yao siwezi kukutajia. Wanawake wa huku walinionjesha wali wao wa nazi, nikausifu kwa adabu, halafu nikawapikia mchele wetu niliokuja nao, bila nazi, bila kitu, chumvi tu. Waliongeza sahani. Mmoja akaniuliza, "Mama Dafrosa, mchele huu mnautia nini?" Nikamwambia hatuutii kitu, ndivyo Mungu alivyotuumbia bonde. Sasa kila mtu hapa anajua Michenga iko wapi.

Dafrosa mzima. Mkwe wetu Deo mzima, anafundisha shule ya msingi hapa hapa kijijini, kazi yake anaiweza. Wote wanakuamkia, shikamoo baba.

Sasa tuje kwenye Jumapili. Ulinikatia simu. Sikukasirika. Yaani, nilikasirika, lakini imeisha. Mambo ya kaburi hayafai kwenye simu inayokatikakatika, na wewe kwenye simu unapiga kelele kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Ndiyo maana nimemwomba Deo karatasi, ninaandika kwa mkono wangu. Ameutazama mwandiko akasema, "Mama, unaandika vizuri kuliko sisi walimu." Darasa la saba la zamani lilikuwa shule kweli, hilo ulikuwa unalijua tangu unanichumbia. Barua ataibeba Gasto, mtoto wa dada yako, akirudi na lori lake. Huyo huyo aliyekutumia ile picha.

Najua picha hiyo ilikuumiza. Ulitazama ukaona msalaba wa mbao umetokeza kwenye majani, na jina lako limeandikwa pale, Kasiani, na chini yake hakuna kaburi linaloonekana. Ukaniambia, "Mjukuu wangu amelala porini, na bibi yake yupo hapo hapo anakula samaki." Ukaniambia saruji umeshainunua Mlabani, na kwamba siku ya Marehemu Wote utakuja na Bosko mlipalilie, mlijengee, muweke na jiwe. Nikasema msije na saruji. Ukasema mwanangu amenifundisha kudharau wafu. Halafu simu ikakatika, au uliikata, Mungu anajua.

Nataka nikueleze polepole, na uniazime masikio mpaka mwisho.

Kwanza, huyo mwanao unayemsema. Dafrosa wako siku hizi ni mtu, Baba Dafrosa. Kati ya kijiji na bahari kuna matuta ya mchanga, mengine marefu kuliko paa la nyumba yetu, yamepangana kama majaruba ya mpunga ya majitu, na yeye ndiye aliyewekwa kuyalinda. Nilipokuwa nyumbani nilidhani kazi yake ni kupanda miti, kwa kuwa alisomea chuo cha misitu, na pale kigangoni nilikuwa nikiwaambia akina mama kwamba binti yangu ana msitu wake. Hana msitu. Ana majani. Usiwaambie bado, nitawaeleza mwenyewe nikirudi, kwa sababu majani hayo ni kazi kubwa kuliko msitu.

Siku moja walikuja wageni wa wilaya, wanaume wenye viatu vyeusi vilivyojaa mchanga, na aliyetangulia mbele akiwaonyesha ni yeye. Wanamwuliza, anajibu. Wanaandika. Mkubwa wao akasema, "Mtaalamu huyu ni mwenyeji wa wapi?" Kabla hajafungua mdomo nikajibu mimi kutoka nyuma, "Ni wa Michenga, Ifakara, na mimi ndiye niliyemzaa." Wote wakageuka. Mkubwa akanipa mkono. Jioni Dafrosa akaniambia, "Mama, siku nyingine ngoja uulizwe." Nikamwambia sikubeba mimba ile yote nije kungoja kuulizwa.

Basi, huyo ndiye ninayemsema. Sasa kaburi.

Unakumbuka masika yale mtoto alipofariki, mimi na wewe tulikaa stendi ya Ifakara na mizigo yetu, barabara imekatwa na maji, dereva anatuambia kesho, kesho tena anatuambia kesho. Walimzika tukiwa bado tumekaa pale. Kwa hiyo nilipofika huku baada ya mavuno, na mimi nilikuwa sijaliona kaburi. Kijiji hiki karibu wote ni Waislamu, watu wema sana, walibeba jeneza lile kana kwamba ni la kwao. Lakini ardhi ya ndani ina wenyewe, kila ukoo na mahali pake, na makaburi yao mengine nayo yako kwenye mchanga. Sisi wageni wa bara tulipewa kipande mgongoni mwa tuta la mbele, bahari ipo chini yake. Hapo ndipo alipolala wajina wako.

Asubuhi ya kwanza niliazima jembe kwa jirani nikaenda peke yangu. Nilikuta kama ulivyoona kwenye picha. Jani linatambaa kama matembele, lina mpasuko katikati kama kwato ya mbuzi, na ua lake la zambarau. Huku wanaliita mlakasa. Limefunika kaburi lote, limepita, limeshuka mpaka upande wa pili. Nilisikia aibu, kama vile nimeingia kwa binti yangu nikakuta vyombo vichafu vya wiki nzima. Unajua kwetu ilivyo. Siku ya marehemu ikikaribia, familia ambayo kaburi lake lina nyasi inasemwa mpaka Krismasi. Mama yako tulimpalilia mpaka udongo ukawa mtupu kama uwanja wa kuanikia mpunga, tukapitisha na ufagio, mistari yake ikaonekana. Ndivyo tulivyofundishwa kuwapenda.

Nikapiga jembe. Moja tu. Dafrosa akatokea mbio, sijui nani alimwambia, akaushika mpini.

"Mama, acha."

"Niache nini? Mwanao yumo kwenye majani."

"Nimeyapanda mimi."

"Umepanda majani juu ya mtoto?"

"Ndiyo, mama. Kwa mkono wangu."

Nilimwambia maneno. Karibu yale yale uliyoniambia wewe Jumapili, hata kuhusu kudharau wafu. Yeye alipiga magoti, akaurudishia mchanga ule mzizi niliokata, akaugandamiza kwa kiganja kama anavyolazwa mtoto. Tukarudi nyumbani kila mtu na njia yake. Jioni tukakaa kula. Deo alisifia mboga mpaka nikamwonea huruma, maana ilikuwa imeungua.

Sasa ngoja nikutambulishe mtu. Kuna mjane hapa anaitwa Mama Zita, mtu wa Mlimba kabisa, alikuja huku na mumewe, Fundi Lukasi, mjenzi. Anapika maandazi karibu na shule. Siku aliposikia natoka Michenga alinishika mikono miwili akaanza kuongea Kindamba chetu, na wateja wake wakasubiri mpaka mafuta yakaanza kutoa moshi. Mumewe alifariki kabla ya mtoto wetu, na alikuwa amezikwa jirani naye, hatua chache tu. Mafundi wenzake walimjengea kaburi zuri, la saruji, la vigae vyeupe. Na Mama Zita alikuwa akilihudumia kama tunavyohudumia sisi. Hakuna jani. Mchanga umefagiliwa pande zote mpaka mbali, safi, mweupe. Nilipoyaona makaburi yale mawili yako jirani, la fundi linang'aa na la mtoto limefunikwa, moyo wangu ulichukua upande wa Mama Zita. Nikamwambia wazi kwamba afadhali yeye. Akaniambia, "Binti yako alishaniomba niache kufagia. Nilimwambia mwanangu, wewe una kazi yako, na mimi nina mume wangu."

Halafu upepo wa kusi ukakolea.

Hujawahi kuuona upepo huo, Baba Dafrosa. Wetu unakuja na mvua, unapita. Huu unavuma kutwa, keshokutwa bado. Mchanga unatembea chini kama moshi, unachoma miguu, unaingia kwenye unga, kwenye shuka, kwenye meno. Na mahali palipo wazi, upepo haupiti juu tu, unachimba. Ule uwanja aliokuwa akiufagia Mama Zita ulianza kushuka. Kila tukienda tunakuta umeshuka. Kaburi la saruji likabaki juu kama meza, chini yake kuna tundu, mbuzi angeweza kulala humo. Mafundi wakaja wakaweka mawe. Upepo ukazunguka mawe ukachimba upande mwingine. Kona ikakatika, vigae vikadondoka, saruji ikapasuka katikati. Na siku moja Mama Zita alikwenda na ufagio wake akakuta ubao wa jeneza unaonekana.

Sitaandika zaidi ya hapo. Ilibidi ahamishwe, na ukoo mmoja ukampa mahali kwenye ardhi yao ya ndani. Wanaume wa kijiji walikuja wote, Waislamu na sisi, bila kuitwa mara mbili. Katekista aliongoza sala kwa sababu padre yuko mbali. Wanawake tulisimama tukapanga khanga zetu ziwe ukuta ili mjane asione. Mimi ndiye niliyemshika. Alininong'oneza tu, Kindamba, kwamba alimfagilia kila Jumamosi. Kila Jumamosi, dada, jani moja sikumwachia. Alikuwa akilirudia hilo mpaka wakamaliza, na mimi nilimfuta mchanga usoni tu, mimi ambaye unasema nina jibu la kila kitu.

Wakati wanabeba, nikageuka kumtazama wa kwetu. Kaburi lake lilikuwa pale pale. Halikupungua. Kinyume chake, limeinuka. Yale majani yanaukamata mchanga unaopita, yanaulalia, yanatokeza tena juu yake, na mchanga mwingine ukija yanaukamata na huo. Msalaba ulioonekana mfupi kwenye picha haukuzama kwa kutelekezwa. Mchanga umempandia mtoto kama blanketi, na Deo ameshauinua msalaba huo mara zaidi ya moja ili jina lisifunikwe.

Siku hiyo niliongea na mwanangu. Tulikaa juu ya tuta, nikamwambia nifundishe, na usinifundishe kama wale wa wilaya, nifundishe kama mtu anayelima. Akanieleza. Hilo jani la kwato ya mbuzi ndilo linalotangulia, kwa sababu linavumilia chumvi na linavumilia kufukiwa. Kila kifundo kinachogusa mchanga kinatoa mizizi. Nyuma yake zinafuata nyasi ngumu zenye ncha, nyuma ya nyasi vichaka, nyuma ya vichaka mikadi, ile yenye majani marefu ya miiba ambayo kijiji hiki kimechukua jina lake. Kila mmoja anamkinga anayemfuata. Ukimng'oa wa mbele, upepo unapata mlango, na ukishapata mlango haurudi nyuma, unaenda mpaka visimani na majumbani. Zamani, anasema, watu walipanda mivinje peke yake ufukweni, ikapendeza, lakini chini ya kivuli chake hapakuota kitu, na maji ya bahari yalipopanda ikaanguka na mizizi yake juu.

"Kwa hiyo mtoto yuko mbele kabisa," nikasema.

"Yuko mbele kabisa, mama," akasema. "Nisingempa shuka nyingine."

Nililia hapo. Sikuwa nimelia tangu stendi.

Sasa ninapanda nao. Unajua wanavyopanda? Wanakata marando, kama ya viazi vitamu, wanalaza kwenye mchanga wenye unyevu, na penye mchanga mkavu wanangoja mvua, vifundo viwili chini, kimoja juu. Nani atanifundisha mimi marando? Wanawake wa kikundi chake wamenipa mstari wangu, nao hawanifikii. Jina langu huku ni Bibi Marando. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu kabla Gasto hajaligeuza mzaha.

Lakini kazi yake si rahisi kama ninavyoiandika. Kuna mchuuzi wa samaki hapa, Shomari, mwenye mbuzi wengi na maneno mengi. Alikuwa akimwona Dafrosa anapita anamwambia mbele ya watu, "Bi Majani, wenzako wanafuga mbuzi, wewe unafuga magugu mpaka juu ya mwanao." Mbele ya watu, Baba Dafrosa. Ningemrushia kikapu. Yeye akamjibu tu, "Mbuzi wako wanajua thamani yake kuliko wewe, Bwana Shomari, ndiyo maana kila siku nawafukuza." Watu wakacheka, yakaisha, lakini nilimwona jioni hakula.

Baada ya Fundi Lukasi kuhamishwa, Shomari alikuja nyumbani mwenyewe, amevaa kanzu. Mama yake mzazi amezikwa kwenye mchanga upande ule mwingine. Wao nao, Ramadhani ikikaribia, hutoka na majembe na mapanga wakasafisha makaburi, ni desturi ya wazee wao. Alikaa, akanywa chai, akauliza habari za bara, mwisho akasema, "Mwanangu, hayo majani yako, yanapandwaje?" Dafrosa hakumcheka. Alimpa marando siku hiyo hiyo. Halafu kijiji kikakaa, wazee na shehe wao na katekista wetu, wakakubaliana kwamba makaburi yote ya kwenye tuta, ya kwao na ya kwetu, hakuna jembe, hakuna panga, hakuna kuchota mchanga wa kujengea. Anayetaka kumkumbuka mtu wake aje asali, aje apande. Kuna wazee walioona uchungu kukubali. Mmoja alisema hajui atamheshimu vipi baba yake bila kushika jembe. Lakini walikubali kwa sababu aliyewaomba alikuwa na mtoto wake pale, chini ya majani yale yale anayowaomba wayaache.

Sasa fikiri. Siku ya Marehemu Wote, mbele ya hao wote, anashuka baba mzazi wa Dafrosa na mfuko wa saruji begani, na baba mdogo wake na sepeto. Shomari hatahitaji kusema neno. Kila mtu atachukua jembe lake arudi kwa wake, na mwanao hatakuwa na uso wa kuwazuia. Na kusi itarudi mwakani, kwa sababu hairuki mwaka.

Mwulize na Bosko jambo moja la kifundi. Atachanganya saruji na mchanga gani? Wa hapa una chumvi, haushiki, na yeye anajua, ndiyo maana Fundi Lukasi mwenyewe alipokuwa hai alikuwa akiagiza mchanga wa mtoni. Na ili ajenge atachimba msingi. Msingi huo ndio mlango wenyewe ninaokueleza.

Wewe si mtu wa kueleweshwa na mimi kuhusu mambo haya. Vijana walipotaka kufyeka matete ya ukingoni mwa mto walime mchicha, ni nani aliyesimama na fimbo? Nilikuwa nyuma yako na chakula kichwani. Ukawaambia matete ndiyo yanayoushika ukingo, mkiyatoa mto utakuja kulala shambani. Wale wa chini yetu hawakukusikiliza, na shamba lao liko wapi leo? Wanalitazama linapita na maji. Mwanao hajafanya kitu kigeni, Baba Dafrosa. Amefanya cha kwako, ila kwenye mchanga.

Na najua si saruji unayoitaka. Nimekaa na wewe miaka mingi mno nisijue. Ulimpa mtoto jina lako, ukamnunulia na kiti kidogo akae kando yako akija, hakuja, na kumzika hukumzika. Unataka kuweka mkono wako mahali fulani pale. Mimi nilipopiga lile jembe nilikuwa nataka hicho hicho. Kwa hiyo sikuambii usije. Nakuambia njoo, lakini njoo mikono mitupu.

Saruji usiirudishe dukani kwa yule mzee wa Mlabani, atatusema. Ijengee ngazi ya kigangoni, ile inayowaangusha wazee kila mvua ikinyesha. Bosko apate kazi ya kuonyesha ufundi wake, na mimi nikirudi nitapanda hapo kama malkia.

Nisalimie dada yako mkubwa, mwambie dawa ya miguu nimempatia. Nisalimie shemeji Bosko na mkewe, na usimwambie kwamba nimemkatalia, mwambie nimemhifadhia samaki mkavu. Nisalimie mama mzaa Gasto, mwanaye ni kijana mzuri hata kama anapiga picha bila kuuliza. Nisalimie katekista wetu, amtaje Lukasi wa Mlimba kwenye sala za Jumapili, na mjane wake. Jirani yetu wa kisimani mwambie ndoo yangu naikumbuka.

La mwisho, halafu nakuacha ukamzuie Bosko. Pale alipotolewa Fundi Lukasi pamebaki wazi, karibu na kichwa cha mtoto. Tumepajaza na kupafunika makuti ili upepo usipaanze. Mvua za vuli zikianguka ndipo patapandwa, na ndiyo majira hayo hayo ya siku ya marehemu. Nilimwambia Dafrosa nitapapanda mimi, si unajua mstari wangu ulivyo. Akanikatalia. Mimi, mama yake, mbele ya kikundi chake. Akasema, "Hapana, mama. Hapo ni pa babu yake."

Hakuna anayepagusa. Tunakungoja.

Ni mimi mkeo, niliye mbali kwa mwili tu,
Mama Dafrosa